Bundi darini, mama mkwe chumbani

Shikamoo Mwalimu,

Naishi Dagoretti, si mbali na msitu wa Ngong Road. Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani, imeezekwa vigae vyekundu vya Mangalore. Mume wangu aliachiwa na amu yake. Upande wa nyuma, ubao wa upenuni ulioza miaka mingi iliyopita ukaacha pengo linaloweza kupitisha kichwa cha mtoto. Kila mwaka tunasema tutalirekebisha.

Sasa ni wiki tatu. Ikifika saa moja jioni, juu ya dari ya chumba cha wageni huanza sauti. Ni kama mtu anayekoroma, au sufuria ya presha inayotoa mvuke. Inakatika, inaanza tena, mpaka usiku wa manane. Mara mojamoja hupita ukelele mkali huko nje unaonifanya niangushe nilichoshika. Nilidhani ni paka. Usiku mmoja wa mbalamwezi nilitoka kuanua nguo nilizozisahau kwenye kamba, nikaona kitu cheupe kikichomoka penye lile pengo. Kilipita juu ya kichwa changu bila sauti yoyote, hata mabawa sikuyasikia. Nilikimbia ndani nikaacha nguo chini.

Dada anayenisaidia kazi aliokota vitonge vyeusi chini ya ukuta huo. Alipokivunja kimoja kwa ufagio, ndani mlikuwa na manyoya na vifupa vidogo vilivyofungamana. Akasema hivyo ni vitu vya kutupiwa na mtu. Kesho yake aliomba ruhusa aende kwao, na hajarudi.

Hayo yote ningeyavumilia, Mwalimu. Shida yangu ni mama mkwe. Ametoka Murang'a miezi miwili iliyopita kwa ajili ya matibabu. Figo zake zimechoka na anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Yeye ndiye analala chumba cha wageni. Usiku wa kwanza aliposikia alikaa kitandani akaniambia, "Ni ndundu. Amekuja kunichukua." Tangu hapo hali chakula cha usiku na halali. Sasa anataka arudishwe kwake akafie kwenye shamba lake. Alhamisi iliyopita alikataa kuingia kwenye gari la kwenda hospitali, nikamsihi saa nzima.

Mume wangu ni dereva wa lori, siku nyingi yuko njiani kati ya Mombasa na Malaba. Nilipompigia alisema nitafute fundi amalize jambo hilo. Fundi alikuja, akapanda kwa ule mlango mdogo wa dari, akashuka mbio. Yuko bundi mkubwa na makinda manne. Alipiga picha kwa simu: kinda mkubwa ameanza kuota manyoya ya mabawani, mdogo bado ni pamba tupu. Anataka shilingi 6,000. Ataweka nyama yenye sumu juu, kisha atalijenga pengo kwa sementi siku hiyo hiyo. Tumeagana Jumamosi.

Binti yangu wa miaka minane aliiona picha hiyo. Analia kila siku akirudi shule, ananiuliza kama wameshauawa.

Mimi sipendi kuua. Lakini mama mkwe akifia kwangu na bundi yuko juu ya kitanda chake, nani atanisikiliza? Nifanye nini kabla ya Jumamosi?

Mama Pendo, Dagoretti

*

Marahaba, Mama Pendo.

Kabla hujamaliza kusoma, chukua simu umwambie fundi asije Jumamosi. Mwambie utamhitaji baada ya wiki nane, kwa kazi ya mbao na wavu, na kwamba hiyo kazi ni yake. Yeye ni mtu anayetafuta riziki, hana ubaya na wewe. Ila alichopanga kitawaumiza ninyi kabla hakijamfikia bundi.

Nianze na ile nyama. Bundi hali nyama iliyowekwa. Hukamata kinachotembea na kukimeza kizima au kukirarua papo hapo. Nyama ya fundi italiwa na panya, paka wa jirani, pengine na mbwa ikidondoka. Nyingi za sumu za panya zinazouzwa hapa huzuia damu isigande. Panya akila leo hafi leo. Hutembea siku tatu, nne, hata wiki, akiwa amelegea, hana mbio tena. Huyo ndiye panya rahisi kuliko wote kwa bundi kumkamata, na ndiye atakayepelekwa kwa makinda. Hivyo sumu itawafikia kweli, ila kwa kupitia matumbo ya panya, na mtapata mizoga mitano juu ya kitanda cha mgonjwa, pamoja na ya panya ndani ya kuta.

Na sementi? Akilifunga pengo mchana, mama bundi atafungiwa ndani na watoto wake. Akilifunga usiku, mama atakuwa nje na watoto ndani. Nilipokuwa mwalimu mchanga katika shule moja ya bweni, wanafunzi walimpiga mawe bundi aliyekaa kwenye paa la stoo ya chakula, wakamwua. Nilikuwepo. Sikuwazuia, kwa sababu mimi pia nililelewa nikiambiwa ni ndege mbaya. Hakuna aliyejua kwamba ana makinda. Siku ya kwanza na ya pili tuliwasikia wakilia, sauti hiyo hiyo unayoisimulia. Siku ya nne mpishi alikuja kulalamika kuhusu harufu. Muhula uliofuata magunia ya maharagwe yalitobolewa mpaka ikabidi tuyahamishie ofisini. Nimeyabeba hayo miaka yote, na ndiyo sababu nimeiweka barua yako mbele ya nyingine.

Sasa tumtazame mgeni wako. Kwa weupe wake, kwa kukaa ndani ya paa, na kwa sauti ya kukoroma, sina shaka ni yule bundi mwenye uso wa umbo la moyo, ambaye wataalamu humwita Tyto alba. Huyu ndiye anayependa paa za watu, maghala na minara ya makanisa. Hajengi kiota. Hutafuta pahali pakavu, penye giza, palipo juu, naye hutaga hapo hapo sakafuni. Pengo lenu la upenuni lilikuwa mlango aliokuwa akiutafuta.

Kule kukoroma hakumwiti mtu yeyote. Ni makinda wanaomwambia mama yao kwamba wana njaa. Huanza saa moja jioni kwa sababu ndipo wazazi wanapotoka kuwinda, na huzidi kadiri watoto wanavyokua, kama nyumba yoyote yenye watoto wanne. Ule ukelele wa nje ni wa mzazi.

Kuhusu kupita kimya juu ya kichwa chako: manyoya ya ukingo wa bawa lake yana meno laini kama ya kichana, nayo huvunjavunja upepo usitoe sauti. Anahitaji kimya hicho kwa sababu huwinda kwa masikio. Sikio lake moja liko juu kidogo kuliko jingine, na ule uso wa moyo hukusanya sauti kama ungo, hivi kwamba anaweza kumkamata panya kwenye giza totoro pasipo kumwona. Ulichokiona usiku ule kilikuwa mama akienda kutafuta chakula. Nakuelewa ulivyokimbia. Kitu cheupe kinachoruka bila sauti kingemkimbiza mtu yeyote, na naamini nusu ya habari za mizuka tulizosimuliwa utotoni zilianzia hapo.

Na vile vitonge vilivyomfukuza dada, Mama Pendo, ndivyo ninavyovitaka zaidi kuliko kitu kingine katika barua yako. Usivitupe. Bundi humeza panya na manyoya yake, na mifupa yake. Tumbo huyeyusha nyama, lakini manyoya na mifupa haviyeyuki. Baada ya saa kadhaa huvikusanya kuwa kitonge na kukitapika. Ndani ya kimoja unaweza kukuta mafuvu mawili, matatu, hata manne. Hakuna mtu aliyewatupia kitu. Mpigie dada simu umweleze. Akiwa hajapata kazi kwingine huenda akarudi.

Nitakueleza matumizi ya vitonge hivyo, lakini kwanza tuzungumze juu ya mama.

Ulipoandika kwamba alikataa kuingia kwenye gari la hospitali, niliweka barua chini. Hatari iliyo ndani ya nyumba yako ni hiyo. Mtu ambaye figo zake haziwezi tena kusafisha damu hawezi kuruka siku zake. Maji na chumvi hujaa mwilini, na moyo ndio unaoelemewa. Bundi angekaa darini kwenu miaka kumi pasipo kumgusa mama, lakini wiki mbili bila mashine zinaweza kumwondoa. Kwa hiyo leo, kabla jua halijatua, mhamishe chumba. Mlaze chumba cha Pendo, na Pendo alale nawe. Usimwulize kama anataka. Mwambie kile cha wageni kina vumbi la dari na daktari hapendi mgonjwa alale penye vumbi. Huo si uongo hata kidogo: mwili wake umedhoofika, na vinyesi vya ndege vilivyokauka si vya kuvuta puani. Ziba nyufa za dari ya chumba kile kwa karatasi ya gundi, funga mlango, weka tambara chini yake. Usiku mwashie redio kwa sauti ndogo, ile idhaa ya kwao anayoipenda.

Kisha mpigie mume wako tena, na safari hii usimwulize juu ya fundi. Mwambie mama yake anataka kurudi nyumbani kufa. Mkaza mwana hawezi kumwambia mama mkwe kwamba imani yake si kweli, hata akiwa na shahada tatu. Ni mwanawe wa kumzaa ndiye wa kukaa naye. Najua lori halimsubiri mtu, lakini aombe siku mbili. Kama haiwezekani, basi apige simu kila jioni saa moja, wakati sauti zinapoanza, azungumze naye mpaka atulie. Sauti ya mwanawe sikioni wakati huo itamsaidia kuliko maelezo yangu yote.

Wala msimwambie kwamba hayo ni mambo ya kishenzi. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walimsikia bundi katika nyumba zenye wagonjwa, na ni kweli walimsikia. Fikiria ni kwa nini. Nyumba yenye afya hulala saa tatu. Nyumba yenye mgonjwa iko macho: moto haujazimwa, mtu anakesha, mgonjwa mwenyewe anahesabu saa. Bundi aliyekuwa akilia juu ya mti ule miaka mitano bila kusikiwa na mtu, usiku huo anasikiwa na kila mtu. Mgonjwa akifa, bundi anakumbukwa. Akipona, hakuna anayemtaja tena. Mwanawe anaweza kumwuliza kwa upole: "Mama, mwaka ule ulipoumwa malaria ukapona, hakulia?" Halafu anyamaze amwache ajibu.

Kuna jambo jingine la kumsimulia, maana ni la watu wake. Upande wa Nyeri, kwenye miamba ya mabonde, wanaishi bundi wakubwa wa milimani wanaoitwa kwa jina la Mackinder. Wakulima wa huko wanamwita ndundu kama yeye anavyomwita, na walifundishwa kumwogopa kama yeye alivyofundishwa. Leo baadhi yao wanawalinda, kwa sababu wapenzi wa ndege hufunga safari na kulipa ili waonyeshwe. Ni wakulima kama yeye, wamepakana na kwao.

Sasa vile vitonge. Vaa glavu, viloweke usiku kucha kwenye ndoo yenye maji na dawa ya kuua viini. Asubuhi, nje kwenye hewa, mpe Pendo glavu na vijiti viwili, atandaze gazeti, atenganishe mifupa na manyoya. Mama akae kitini kando, asishike chochote, awe mtazamaji tu. Pendo ahesabu mafuvu kwa sauti. Mafuvu ya panya yana meno mawili marefu ya manjano mbele. Mama atayatambua haraka kuliko wewe. Huyu ni mwanamke aliyeweka mahindi ghalani kila msimu. Anajua panya ni nani. Anajua ilivyo kuamka na kukuta gunia limetobolewa chini na mbegu ya msimu ujao imeliwa. Mwache aone kwa macho yake nani amekuwa akipigana vita vyake usiku. Jozi moja yenye makinda inaweza kuchukua panya kadhaa kila usiku. Kwa mwaka ni mamia, na panya wakiwa wengi hufikia elfu moja. Siwezi kukuahidi kwamba atampenda huyo ndege. Ninachotaraji ni kwamba atamwona ni ndege mwenye kazi yake, ambaye hakutumwa kwake.

Baada ya hapo, kazi yenu ni kungoja. Bundi huyu hutaga yai moja kila baada ya siku mbili au tatu, na huanza kulalia tangu la kwanza. Mayai huatamiwa kama siku 30. Kwa hiyo makinda hawalingani, ndiyo maana kwenye picha mmoja ana manyoya na mwingine ni pamba. Huruka wakiwa na wiki nane hadi tisa. Kwa ulivyoeleza, mkubwa amebakiza kama mwezi mmoja, mdogo wiki sita hivi, na wakisharuka hurudi kulala hapo siku kadhaa. Ndiyo maana nilisema wiki nane. Msipande tena darini katika muda huo. Kila mkipanda mnaweza kumfanya kinda akimbilie pengoni akaanguka.

Akianguka, usimpe mkate wala maziwa. Bundi hali vitu hivyo. Mfunike taulo, mshike mwili wote pamoja na miguu, maana kinachoumiza ni kucha, mdomo si kitu. Mtie kwenye boksi la katoni lenye matundu na tambara kavu, mahali penye giza. Kama hajaumia, mtu mzima aliyevaa glavu nene amrudishe darini jioni hiyo hiyo. Mama yake hatamkataa kwa sababu ya harufu ya mkono wa mtu, hayo ni maneno tu. Lakini usimwache chini ukidhani atalishwa hapo. Wazazi wa bundi hawa hulisha kiotani. Akiwa ameumia, piga simu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Makao yao makuu yako barabara ya Lang'ata, si mbali na kwenu, na papo hapo pana kituo cha wanyama mayatima kilichofunguliwa mwaka 1964. Naivasha nako kuna kituo kinachotibu ndege wanaowinda, kama bundi na tai.

Kuhusu sheria nisikuzungushe. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haiishii kwenye ua wa mbuga. Ndege wa mwituni aliye darini kwako ni mnyamapori. Kumhamisha yeye na makinda yake ni kazi ya maafisa wa KWS, na ukiona huwezi kabisa kungoja wiki hizo, hao ndio wa kuwaita. Kulifunga pengo lisilo na mtu ndani ni haki yako.

Kama mnavuna maji ya mvua, lichomoe bomba la tangi lisipokee maji ya upande huo wa paa mpaka mtakaposafisha. Mama asinywe maji hayo hata yakichemshwa. Kwa hali yake nunueni.

Sikiliza sasa jinsi ya kufunga. Mkipata jioni tatu mfululizo za kimya, nyunyiza unga wa mahindi kwenye ubao wa pengo. Asubuhi tazama. Kukiwa na alama za miguu, bado yumo, ngoja. Unga ukikaa bila kuguswa usiku mbili, fundi apande mchana na tochi, aangalie kila pembe, hata nyuma ya boriti, kabla ya kupigilia msumari wowote. Akikuta bundi mzima mmoja amelala, ashuke. Jioni atatoka mwenyewe kuwinda, na saa mbili usiku pengo lifungwe. Lifungwe kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo na ubao mpya juu yake. Sementi kwenye mbao iliyooza itapasuka mvua ya kwanza. Halafu fundi azunguke nyumba nzima, kwa sababu panya mdogo hupita tundu la upana wa kalamu, na palipo na vigae vya Mangalore kuna vilivyosogea. Uchafu wa darini unyunyizwe maji yenye dawa kwanza, ndipo ukusanywe kwa barakoa na glavu. Usifagiwe mkavu.

Ninakuomba jambo moja, ingawa silazimishi. Wiki mbili au tatu kabla ya kufunga, mwambie fundi awatengenezee sanduku la mbao: urefu sentimita 60, upana 45, kimo kiasi cha 65, tundu la sentimita 15 likiwa juu, sentimita 45 kutoka sakafu ya sanduku ili makinda wasidondoke. Alitundike juu ya mti ulio mbali na madirisha ya vyumba vya kulala, mita nne au zaidi kutoka chini. Mbao za zamani zatosha. Si lazima walikubali mwaka wa kwanza. Lakini ukiwafungia paa na usiwape pa kwenda, watahamia paa la jirani, na sina hakika jirani ataandika barua kabla ya kuita mtu wa sumu.

Na panya waliomleta bundi kwenu wapo kwa sababu wanakula. Kama mnafuga kuku, chakula cha kuku kikae kwenye pipa la chuma lenye kifuniko. Takataka zisilale nje. Mitego ya kubana itawasaidia, mradi iwe ndani ya boksi lenye tundu dogo ili ndege na paka wasinaswe. Zile paketi za unga na tembe zisizo na lebo zinazochuuzwa kwenye stendi za matatu, usiziingize katika nyumba yenye mtoto.

Nimepata barua nyingine mbili mwezi huu, moja ya Karen na moja ya Kitisuru, na nitazijibu hapa kwa kifupi. Wa Karen anasikia miguu kama ya paka, harufu kali ya miski, na kinyesi kilicholundikana pahali pamoja juu ya paa: huyo ni kanu, mwenye madoa na mkia wa pete, naye pia ana watoto mara nyingi anapokaa darini. Wa Kitisuru ana vinyesi vidogo vinavyobomoka kati ya vidole na kumetameta kwa mabawa ya wadudu: ni popo. Kwa wote wawili, utaratibu ni ule ule wa kungoja watoto watoke kisha kufunga. Kwa popo niongeze: usimshike kwa mkono mtupu kamwe, na akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mama Pendo, Jumatatu ni siku ya hospitali au Alhamisi? Siku yoyote itakayotangulia, Pendo akiwa hana shule, mwache apande gari na shosho wake, awe na lile gazeti la mifupa amelikunja kwenye mfuko wa plastiki. Foleni ya pale huwa ndefu na mama atahitaji cha kusimulia. Kisha niandikie. Nataka kujua walihesabu mafuvu mangapi.

Mwalimu